Nguo ya Milwani: Ufundi wa Pwani ya Kusini Uliokatika, na Somo Kutoka Japani

Bismillahir Rahmanir Rahim



Ndugu wasomaji, wazazi pamoja na wanafunzi wetu. Tukisoma historia ya Waislamu wa Afrika Mashariki, aghalabu tunaanzia Mogadishu, tunapita Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa, kisha tunasimama kwenye mto Ruvuma kana kwamba dunia imeishia hapo. Lakini ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, kuna pwani ndefu ya ndugu zetu Waislamu ambayo inatajwa mara chache sana. Kuna Mocímboa da Praia, kuna Ibo, kuna Pemba ya Msumbiji (si Pemba ya Zanzibar), na katikati yake, karibu na mahali mto Messalo unapoingia baharini, kuna mji wa Quiterajo, wilayani Macomia.

Wenyeji wa pwani hiyo wanaitwa Wamwani, yaani watu wa pwani, na lugha yao ni Kimwani. Mswahili akiisikia kwa mara ya kwanza hudhani anasikia Kiswahili cha mbali, maana lugha hizi mbili ni ndugu wa karibu. Misikiti yao, vyuo vyao vya Qur'ani, maulidi yao, kofia zao na mikeka yao, vyote mtu wa Lindi au Lamu angevitambua.

Leo tunataka kusimulia habari ya ufundi mmoja wa pwani hiyo ambao ulikuwa mkubwa kisha ukatoweka, tuulinganishe na habari ya Wajapani waliokaribia kupoteza ufundi wao wakauokoa, kisha tujiulize swali linalotuhusu sote: ni nini hasa kinachofanya kazi ya mikono iendelee kuishi?

Visiwa na nguo vyenye jina moja

Mbele ya pwani hii kuna mlolongo wa visiwa ambavyo leo ramani huviita Quirimbas. Wareno walipofika mwanzoni mwa karne ya 16 waliviita Ilhas de Maluane. Maluane, au Milwani, lilikuwa pia jina la nguo iliyofumwa huko na mafundi wa Kiislamu, nguo ya pamba iliyotiwa rangi ya nili. Fikiri, ndugu msomaji: nguo ya mahali ilijulikana kiasi kwamba jina lake na jina la visiwa vilikwenda pamoja katika maandishi ya wageni. Padri mmoja Mreno, João dos Santos, aliyekaa visiwani humo katika miaka ya 1590, aliandika habari za sehemu hizi katika kitabu kilichochapwa Évora, Ureno, mwaka 1609.

Jambo hili halikuwa la ajabu kwa Waswahili wa zama hizo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza kuwa nguo zilizofumwa pale zilipelekwa mpaka Misri. Pate ilisifika kwa nguo za hariri. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta Kilwa vigurudumu vidogo vya udongo vya kusokotea uzi, ushahidi kuwa pamba ilisokotwa majumbani.

Hata hivyo, Milwani ilikuwa na jambo lake. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mnamo mwaka 1516 hivi, alieleza kuwa Waislamu wa Sofala walifuma nguo nyeupe tu, kwa sababu hawakuwa na ujuzi wa kutia rangi au hawakuwa na rangi yenyewe. Wakitaka nguo ya rangi, walichukua kitambaa cha buluu kilicholetwa kutoka Cambay, India, wakakifumua uzi kwa uzi, kisha wakaufuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Ni kazi ya subira kubwa! Lakini watu wa Milwani walikuwa na nili yao wenyewe.

Kazi yenyewe ilivyo

Kwa wanafunzi wetu ambao nguo wanaijua dukani tu, ni vizuri kueleza kidogo. Pamba huchambuliwa mbegu, hupigwa ikalainika, kisha husokotwa kuwa uzi. Uzi mwingine hutandikwa kwa urefu juu ya kitanda cha mfumi, nao huitwa mtande. Mwingine hupitishwa kukata njia ya ule wa kwanza, nao huitwa mshindio. Uzi wa nguo moja unaweza kumchukua msokotaji muda mrefu kuliko mfumi anavyochukua kuifuma.

Ama nili, hiyo ni elimu nyingine kabisa. Majani ya mnili hayana rangi ya buluu ukiyatazama, ni ya kijani kama majani mengine. Huvundikwa katika maji mpaka yachachuke, maji hupigwapigwa ili hewa iingie, kisha rangi hutuama chini kama tope la buluu. Rangi hiyo haishiki nguo mpaka itengenezwe tena katika chombo chenye maji ya majivu au chokaa. Nguo ikitolewa humo huwa na rangi ya kijani kidogo, na mbele ya macho yako, hewa inapoigusa, hugeuka buluu. Fundi hujua kwa harufu, kwa povu na kwa ncha ya ulimi kama chombo kiko tayari. Elimu ya namna hii haisomwi kitabuni. Mtu hukaa na mwalimu wake miaka, akikosea na kusahihishwa.

Hata neno lenyewe lina historia. Nili yetu na anil ya Wareno zote zimetoka katika neno la Kiarabu. Wareno walipoiona rangi hii katika pwani zetu, hawakuhitaji jina jipya, kwa kuwa Waislamu walikwisha wafundisha jina hilo huko Andalusi karne nyingi kabla.

Ilivyokatika

Basi nguo hiyo imekwenda wapi? Leo hakuna mfumi wa Milwani. Na haikuondoka kwa siku moja.

Pigo la kwanza lilikuwa la bunduki. Kilwa iliporwa na Wareno mwaka 1505. Mwanzoni mwa miaka ya 1520 ikaja zamu ya kisiwa cha Quirimba. Waislamu wa kisiwa hicho walikuwa wakifanya biashara yao bila kupitia kwa Wareno. Na la kusikitisha ni kwamba watawala wa Unguja na Pemba, ambao walidai ushuru kutoka huko, ndio waliowaomba Wareno msaada. Kikosi cha Pedro de Castro kikaja, kikaua watu na kupora mali. Tulisome jambo hili kwa makini. Adui alipita katika mlango ambao ndugu waliugombea.

Baada ya hapo visiwa vikagawiwa familia za Wareno, kimoja kimoja, na Waislamu waliobaki wakawa watoa ushuru katika ardhi ya baba zao. Katika karne ya 18 kisiwa cha Ibo kikawa bandari kubwa ya biashara ya watumwa, na wengi wao walipelekwa Mauritius na Réunion kufanya kazi katika mashamba ya Wafaransa. Ngome kubwa ya Ibo, São João Baptista, ilijengwa mwaka 1791. Mtu anapouzwa, anakwenda na mikono yake, na kila alichojua kinaondoka naye jahazini. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakaja tena Wasakalava kutoka Madagascar kwa makundi makubwa ya ngalawa, wakaiteka na kuichoma miji ya pwani hii, wakafika mpaka Kua, katika visiwa vya Mafia.

Katika hali hiyo nguo za nje zilikuwa zikimiminika: kwanza za Gujarati, kisha amerikani iliyofumwa kwa mashine. Nguo ya mashine ilikuwa rahisi, na mtu mwenye njaa na hofu hana nafasi ya kukaa mbele ya kitanda cha mfumi miezi. Hivyo ufundi ulikwisha pole pole, bila hata mtu kuandika kuwa fulani ndiye aliyekuwa wa mwisho.

Na kuna jambo moja chungu zaidi. Kuanzia mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Ureno iliwalazimisha wakulima wa Msumbiji, Cabo Delgado ikiwemo, kulima pamba kwa ajili ya viwanda vya nguo vya Ureno. Bei ilipangwa na mkoloni, na asiyelima aliadhibiwa. Pwani iliyokuwa ikisokota pamba yake na kuwavisha wengine, sasa jimbo lake zima lilitoa pamba ghafi, na watu wake wakanunua nguo iliyorudi kwa meli.

Kwa nini Japani?

Msomaji anaweza kuuliza: Japani inahusiana nini na Quiterajo? Bahari ni moja. Mwaka 1586 vijana wanne wa Kijapani, waliokuwa wametumwa Ulaya na mamwinyi wa kwao walioingia Ukristo, walikuwa njiani kurudi nyumbani. Upepo ukawakataa, wakalazimika kukaa katika Kisiwa cha Msumbiji miezi kadhaa mpaka mwaka 1587, wakisubiri kwenda Goa. Na katika karne ya 20 viwanda vya Japani vilikuwa miongoni mwa vilivyochapa kanga za kuuzwa Afrika Mashariki. Huenda ndani ya sanduku la bibi yako imo kanga iliyochapwa huko, yenye jina lililoandikwa kwa Kiswahili na mtu asiyejua Kiswahili.

Lakini sababu kubwa ya kuitaja Japani ni kwamba nao walikuwa na nili yao. Katika eneo la Tokushima, ambalo zamani liliitwa Awa, wakulima walipanda mmea wa nili wa aina nyingine, wakayakausha majani, wakayarundika na kuyamwagia maji kwa siku kama 100 mpaka yakawa mbolea nyeusi yenye rangi ndani yake. Nguo za buluu za wakulima na mafundi wa Japani zilitoka huko.

Nao walipata pigo kama letu. Baada ya mwaka 1868 Japani ilifungua milango kwa mashine za Ulaya. Kisha ikaja nili ya kiwandani kutoka Ujerumani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1897, na mashamba ya Tokushima yakaporomoka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ikapiga marufuku kilimo cha nili ili ardhi ilimwe chakula. Sasa sikilizeni wanafunzi: mbegu ya mmea ule haikai ghalani miaka mingi. Isipopandwa mwaka mmoja miwili, haioti tena. Maana yake, marufuku ya miaka michache yangetosha kuufuta ufundi wa mamia ya miaka. Inasimuliwa huko kuwa familia moja ya watengenezaji nili iliendelea kupanda kwa siri mlimani, kipande kidogo tu cha shamba, kila mwaka, ili mbegu isife. Vita vilipokwisha, mbegu ilikuwepo.

Wanawake wa Kijoka

Habari ya pili ya Japani inafanana zaidi na yaliyowapata ndugu zetu wa Cabo Delgado, kwa kuwa ni habari ya vita.

Kusini kabisa mwa Japani kuna visiwa vya Okinawa. Katika kijiji cha Kijoka wanawake hufuma nguo iitwayo bashofu, kwa nyuzi za mgomba. Si mgomba wa ndizi za kula, ni jamaa yake. Mgomba hungojewa kama miaka mitatu. Hukatwa, maganda ya shina huchambuliwa tabaka kwa tabaka, huchemshwa katika maji ya majivu, hukwanguliwa mpaka zibaki nyuzi, kisha nyuzi hupasuliwa kwa kucha na kuungwa kwa fundo moja moja. Nguo ya mtu mmoja inahitaji migomba kama 200. Nguo hiyo ni nyepesi na hupitisha upepo, nayo hufaa sana nchi ya joto.

Mwaka 1945 vita vikubwa vilipiganwa Okinawa, na idadi kubwa sana ya raia walikufa. Binti mmoja wa Kijoka, Taira Toshiko, aliyezaliwa mwaka 1921, alikuwa amepelekwa mbali kufanya kazi kiwandani katika mji wa Kurashiki. Huko alijifunza zaidi ufumaji. Aliporudi kijijini mwaka 1946 alikuta migomba ya nyuzi imekatwa na wanajeshi wa Kimarekani waliohofia mbu wa malaria. Hakukuwa na nyuzi wala wanunuzi, na watu walikuwa na huzuni ya maiti zao.

Alianza na alichokuwa nacho. Alipanda migomba upya na kuingoja. Aliwakusanya wanawake wa kijiji, wakiwemo wajane wa vita, akawafundisha waliokuwa hawajui na akajifunza kwa wazee waliokuwa bado wanakumbuka. Okinawa wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Marekani na haikurudi Japani mpaka mwaka 1972. Kwa hiyo sheria ya Japani ya mwaka 1950 ya kulinda urithi wa utamaduni haikuwafikia. Bashofu ya Kijoka ilitambuliwa na taifa mwaka 1974, yaani miaka 28 baada ya yeye kurudi kijijini. Mwaka 2000 Taira mwenyewe alipewa cheo ambacho Wajapani hukiita kwa lugha ya kawaida "hazina hai ya taifa". Alifariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 101, na watu wa familia yake wanaendelea.

Cheo hicho kina jambo la kutufundisha. Wajapani wana makumbusho yenye vitu vizuri, kama lile la kazi za mikono za watu wa kawaida lililofunguliwa Tokyo mwaka 1936 na Yanagi Soetsu. Lakini waliona kuwa kukiweka kitu kabatini hakutoshi. Nguo iliyo kabatini haiwezi kumfundisha mtu namna ya kupasua uzi. Kwa hiyo wakamheshimu mtu mwenye ujuzi akiwa bado hai. Mwenye cheo hicho hupewa na serikali yen milioni 2 kila mwaka, na hutarajiwa kuwafundisha wengine.

Tusiwapambe kupita kiasi. Ufundi mwingi wa Japani umekufa na mwingine umebaki na wazee wachache. Nguo za bashofu leo ni ghali mno, mtu wa kawaida hawezi kuzinunua. Tena baadhi ya sanaa zao zimefungamana na ibada zisizo zetu, na hizo tunawaachia wenyewe. Tunachochukua ni adabu yao ya kumheshimu fundi na kuutafutia ujuzi mrithi kabla ya maziko.

Dini yetu inasemaje?

Waislamu hatukuhitaji kuambiwa na Wajapani kuwa kazi ya mikono ni heshima. Amepokea Imam Bukhari kutoka kwa al-Miqdam (r.a.) mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba mtu hali chakula kilicho bora kuliko kile alichokipata kwa kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Dawud (a.s.) alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Na Qur'ani, katika Surat Sabaa, inatueleza kuwa Mwenyezi Mungu (s.w.t.) alimlainishia Dawud chuma na kumwamrisha kutengeneza nguo za vita kwa vipimo sawasawa. Nabii Nuh (a.s.) aliunda jahazi. Imam Muslim amepokea kuwa Nabii Zakariya (a.s.) alikuwa seremala.

Na ipo hadithi nzuri ya Sahl bin Sa'd (r.a.) kuhusu mwanamke aliyemletea Mtume (s.a.w.) shuka aliyoifuma mwenyewe, yenye pindo zake, ili amvishe. Mtume (s.a.w.) akaipokea naye alikuwa akiihitaji. Sahaba mmoja akaiomba, akapewa. Watu wakamlaumu, naye akaeleza kuwa hakuitaka kwa kuivaa, bali iwe sanda yake. Na kweli ikawa sanda yake. Jina la yule mfumaji hatulijui, lakini kazi ya mikono yake inatajwa mpaka leo na watu wanaosoma hadithi.

Kuna jambo lingine ambalo Waislamu tunalielewa kuliko watu wengi, nalo ni mnyororo wa wapokezi. Elimu ya hadithi imesimama juu ya isnadi, fulani kutoka kwa fulani, na kiungo kimoja kikikosekana wanazuoni wanakitilia shaka kilichopokelewa. Mwanafunzi wa Qur'ani husoma mbele ya mwalimu wake, akitazamwa kinywa. Ufundi nao una isnadi yake. Mama amepokea kwa mama yake, naye kwa bibi. Nguo ya Milwani ilikatika kwa sababu watu wa katikati waliuliwa, waliuzwa au walifukarishwa, na hapakuwa na mtu wa kupokea. Bashofu imebaki kwa sababu mwanamke mmoja alirudi kabla wazee hawajafa.

Quiterajo na mnyororo wa leo

Sasa turudi Quiterajo, maana habari hii si ya zamani tu.

Tarehe 5 Oktoba 2017 kundi lenye silaha lilishambulia Mocímboa da Praia, na vita vikaanza katika Cabo Delgado. Waliofanya hivyo walijivika jina la dini, na waliouawa na kufukuzwa katika pwani hii walikuwa kwa wingi Waislamu wenyewe. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikapiga hapo hapo, kikabomoa nyumba Macomia na Ibo. Mwaka 2020 Quiterajo nayo ilishambuliwa, na watu wake wakakimbia, wengine kwa miguu, wengine kwa mashua. Mwezi Oktoba mwaka huo vyombo vilivyojaa familia vilifika kwa wingi katika ufuo wa Paquitequete, mtaa wa kale wa Waislamu mjini Pemba. Kufikia mwaka 2022 watu wapatao milioni moja walikuwa wamehama makwao katika vita hivyo. Wengi wamesharudi katika sehemu mbalimbali za jimbo, na wengine bado wanaishi ugenini.

Mtu anayekimbia usiku hubeba mtoto, labda sufuria, labda msahafu. Hawezi kuubeba mti wa mlala wala mkindu alioutegemea kwa ukindu. Hawezi kuubeba ufuo ambao mashua huundwa na kutiwa kalafati. Lakini ujuzi anao. Yupo bibi kambini anayejua ukindu ukatwe lini, uanikwe siku ngapi, utiwe rangi kwa nini, ukili usukwe kwa miongo mingapi, na mkeka ushonwe vipi usipinde. Yupo mzee anayejua kudarizi kofia. Wapo mafundi wa fedha wa Ibo, ambao kazi yao ya nyuzi nyembamba za fedha imesifika kwa muda mrefu. Watu hawa ndio kitabu chenyewe, na kila mmoja wao akifariki bila mwanafunzi, kitabu kimefungwa.

Watu wa misaada wanapoleta turubai na unga, wanafanya wema, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini turubai la plastiki likizoeleka miaka mitano, mtoto atakua bila kujua kuwa bibi yake alikuwa akitandika chini kitu alichokisuka mwenyewe. Ndivyo amerikani ilivyoiua Milwani. Haikuwa mbaya, ilikuwa rahisi, na ilikuja wakati watu hawana nguvu ya kuchagua.

Tufanye nini?

Mambo haya hayangoji serikali. Taira alifanya kazi miaka 28 kabla taifa halijaitambua bashofu ya Kijoka.

Kwanza, kila familia imtambue fundi wake. Nani katika ukoo anajua kusuka, kudarizi, kuunda chombo, kuchonga mlango? Andikeni majina.

Pili, mtoto akae naye. Madrasa zetu zina likizo. Wiki mbili za kukaa na bibi na ukili mkononi zina faida kuliko mwezi wa kutazama simu. Simu yenyewe itumike kurekodi mikono ya bibi ikifanya kazi, huku akieleza kwa lugha yake, iwe Kimwani au Kiswahili, kwa sababu majina ya kazi hufa pamoja na kazi.

Tatu, tununue. Fundi hawezi kula sifa. Bibi harusi apewe mkeka uliosukwa kwa mkono, msikiti uweke agizo la mikeka na kofia, na tusigombane naye bei kana kwamba ametoa mkeka kwenye mashine.

Nne, wenye ndugu waliokimbia vita wawaulize kwa upole. Baadhi yao hawataki kuzungumza juu ya yaliyotokea, na ni haki yao. Lakini mara nyingi mtu asiyeweza kusimulia vita anaweza kusimulia mkeka, naye hupata faraja kuwa bado ana kitu cha kutoa.

Maswali kwa wanafunzi

1. Kwa nini Waislamu wa Sofala walifumua nguo za Cambay?
2. Taja sababu nne zilizoufanya ufundi wa Milwani utoweke.
3. Kwa nini kuzuia kilimo cha nili kwa miaka michache kungeweza kuufuta ufundi wote?
4. Ufundi unafanana vipi na isnadi ya hadithi?
5. Muulize mtu mzima nyumbani: ni kazi gani ya mikono aliyoijua bibi au babu yake ambayo yeye haijui? Ilikatikia wapi?

Swali la tano wazazi wajibu pamoja na watoto wao.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.t.) awarudishie amani ndugu zetu wa Quiterajo, Macomia, Mocímboa da Praia na Cabo Delgado yote, awarehemu waliotangulia, awape subira waliopoteza, na aijaalie mikono ya wazee wetu ipate warithi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.